Kenda Shika, Kumi Nenda Uje

Miongoni mwa methali za Kiswahili zinazotumia hesabu, ni chache zinazozua ubishi kama ile isemayo kwamba heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Methali hii humweka mtu baina ya mambo mawili: kenda zilizomo mkononi mwake, na kumi anazoahidiwa iwapo atakuwa radhi kwenda zake na kurudi siku nyingine. Kwa hesabu ya kawaida kumi ni zaidi ya kenda, na hata mtoto mdogo analijua hilo. Hata hivyo, wahenga walizipendelea kenda kwa sababu waliifahamu vyema njia ya kwenda na kurudi. Mdaiwa huhama, ahadi husahaulika, na mauti hubisha hodi bila ya kualikwa. Lakini wahenga hao hao ndio walionena kwamba subira yavuta heri na kwamba mstahimilivu hula mbivu. Mwanafunzi wa methali hubaki njia panda akijiuliza ni lini mtu azishike kenda, na ni lini akubali kwenda na kurudi.

Swali hili halikomei katika darasa la fasihi simulizi. Limewahi kuulizwa, kwa maneno mengine, mahali ambapo msomaji wa Kiswahili asingelitarajia, yaani katika ofisi za timu za besiboli nchini Marekani. Mchezo huu haujaenea Afrika Mashariki jinsi soka ilivyoenea, kwa hivyo ni vyema kwanza kueleza mambo machache. Katika besiboli, kila timu huwa na mrushaji, mtu anayesimama juu ya kichuguu katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpigaji wa timu pinzani aliyeshika gongo. Mrushaji hodari huwafanya wapigaji waukose mpira au waupige ovyo. Mchezo hutegemea mkono wake kuliko mkono wa mchezaji mwingine yeyote, lakini mkono huo ni chombo dhaifu. Huchoka upesi, huumia, na hauwezi kufanya kazi kila siku. Mrushaji anayeuanzisha mchezo sharti apumzike siku kadhaa kabla ya kurudi uwanjani. Kwa sababu hiyo, timu inayowania ubingwa ikitambua kwamba imepungukiwa na mkono mmoja huwa tayari kulipa gharama kubwa ili iupate.

Namna ya kulipa ndiyo inayoutofautisha mchezo huu na soka. Klabu ya soka ikimtaka mchezaji wa klabu nyingine, aghalabu hutoa fedha. Katika besiboli, mara nyingi mtu hulipiwa kwa watu. Timu kubwa huwa na timu ndogo zilizo chini yake katika miji midogo, na humo huwalea vijana kama mkulima aleavyo miche kitaluni. Wachache kati yao hukua wakafika ligi kuu, na wengi hunyauka. Timu yenye haja ya mrushaji aliyekomaa huchota miche kutoka kitaluni mwake na kuipeleka kwa jirani. Jirani huyo, ambaye pengine hana matumaini yoyote msimu huo, humtoa mkongwe wake na kuipokea miche kwa imani kwamba siku moja itazaa.

Mnamo tarehe 12 Agosti 1987, timu ya Detroit Tigers ya jimbo la Michigan ilijikuta katika haja hiyo. Miaka mitatu kabla, mwaka wa 1984, ilikuwa imetwaa ubingwa wa ligi kuu nzima. Wengi wa mashujaa wa 1984 walikuwa wangali uwanjani, ila umri ulikuwa umeanza kuwanyemelea. Timu ya Toronto Blue Jays nayo iliwania nafasi ya kwanza katika kundi lao, na enzi hizo kila kundi lilitoa mshindi mmoja tu wa kuendelea. Aliyekuwa wa pili alirudi nyumbani. Meneja mkuu wa Detroit, Bill Lajoie, alitafuta mrushaji akampata katika timu ya Atlanta Braves. Mrushaji huyo alikuwa Doyle Alexander, mzaliwa wa Alabama, aliyebakisha majuma machache tu kutimiza umri wa miaka 37. Kwa kumtoa mkongwe huyo, Atlanta ilipewa kijana mmoja. Kijana huyo aliitwa John Smoltz, naye alikuwa na umri wa miaka 20.

Ni rahisi leo kumcheka Lajoie, lakini msomaji ajiweke mahali pake siku ile. Smoltz alikuwa akichezea timu ndogo ya Glens Falls katika jimbo la New York. Msimu huo alikuwa ameshinda michezo 4 na kushindwa 10, na alikuwa akiruhusu wastani wa pointi zaidi ya tano kwa kila vipindi tisa alivyorusha. Alipochaguliwa mwaka wa 1985, alichaguliwa katika raundi ya 22, baada ya mamia ya vijana wengine. Watu wa pwani wana majina mengi ya tunda la mnazi kadiri linavyokua: kidaka, kitale, dafu, koroma, hadi kufikia nazi. Smoltz wa mwaka wa 1987 alikuwa kitale. Mkono wake ulikuwa na nguvu na kila mtaalamu aliiona nguvu hiyo. Lakini hapana aliyeweza kuapa kwamba kitale hicho kingefika kuwa nazi kabla ya kuangushwa na upepo.

Kwa Smoltz mwenyewe, habari hizo hazikuwa hesabu. Alizaliwa katika jimbo hilo hilo la Michigan na kulelewa Lansing, mji ulioko takriban kilomita 140 kutoka Detroit. Tangu utotoni aliishabikia timu ya Tigers, na babu yake aliwahi kufanya kazi katika uwanja wake. Kuchezea Detroit ndiko kulikokuwa ndoto ya kijana huyo na ya jamaa zake wote. Sasa aliambiwa kwamba timu aliyoipenda tangu utotoni imemtoa, na kwamba anakwenda kusini, katika mji asioufahamu, kuichezea timu iliyokuwa ikiburura mkia. Hakuulizwa iwapo anataka. Sheria za mchezo hazikumtaka mtu yeyote amuulize.

Upande wa Detroit, kenda zilishikwa. Alexander alianzisha michezo 11 msimu huo, akashinda 9 na hakushindwa hata mmoja. Kwa sadfa ya ajabu, idadi ya ushindi wake ilikuwa ile ile ya methali. Wastani wa pointi alizoruhusu ulikuwa 1.53 kwa kila vipindi tisa, kiwango ambacho hata vijana wenye nguvu kumzidi hawakukifikia. Ilipobaki michezo saba msimu uishe, Toronto ilikuwa mbele kwa tofauti ya michezo mitatu na nusu, na watu wengi waliamini kwamba shindano limekwisha. Toronto ikashindwa michezo yote saba. Mitatu ya mwisho ilichezwa Detroit. Ijumaa ya tarehe 2 Oktoba, Alexander ndiye aliyerusha, na Detroit ikashinda 4 kwa 3. Jumamosi ikashinda 3 kwa 2. Jumapili ikashinda 1 kwa 0, Frank Tanana akirusha hadi mwisho na Larry Herndon akiuvusha mpira nje ya ukuta kwa pigo moja. Detroit ilimaliza msimu kwa ushindi 98, mwingi kuliko wa timu nyingine yoyote mwaka huo.

Furaha hiyo haikudumu. Katika hatua iliyofuata, Detroit ilipambana na Minnesota Twins, ikashindwa michezo minne kwa mmoja. Alexander alianzisha miwili kati ya hiyo na kushindwa yote miwili. Mwaka wa 1988 alishinda 14 na kushindwa 11, na mwaka wa 1989, akiwa na miaka 38, alishinda 6 na kushindwa 18, kisha akastaafu. Kwa jumla, katika mechi za kawaida za ligi, Alexander aliishindia Detroit michezo 29 na kushindwa 29. Timu yenyewe ilianguka naye: mwaka huo wa 1989 ilishindwa michezo 103. Detroit haikuonja tena michezo ya mchujo hadi mwaka wa 2006, karibu miongo miwili baadaye.

Zile kumi nazo zilirudi, tena zikarudi na ziada. Smoltz alicheza Atlanta kwa misimu ishirini. Alishinda tuzo ya Cy Young, tuzo kubwa kuliko zote za warushaji, mwaka wa 1996 alipopata ushindi 24. Alikuwamo katika kikosi kilichotwaa ubingwa mwaka wa 1995. Mkono wake ulipoumia akafanyiwa upasuaji, alirejea kwa kazi nyingine, ile ya kuingia mwishoni mwa mchezo ili kuulinda ushindi. Baadaye akarudia kazi yake ya awali. Alistaafu akiwa na ushindi 213 na michezo 154 aliyoilinda, na hapana mrushaji mwingine aliyewahi kufikisha 200 ya kwanza pamoja na 150 ya pili. Mwaka wa 2015 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli ulioko Cooperstown.

Kutokana na hayo, mabadilishano ya 1987 hutajwa kila mara watu wanapotaka kutoa mfano wa timu iliyojidhulumu. Hukumu hiyo ina walakini. Inahesabu kana kwamba Smoltz aliyekwenda Atlanta ndiye yule yule aliyeingia Cooperstown, na kwamba Detroit ilikuwa na nazi kavu mkononi ikaitupa. Ukweli ni kwamba aliyeondoka Detroit ni kijana aliyeshindwa michezo 10 huko Glens Falls. Yule wa Cooperstown alitengenezwa Atlanta, na alitengenezwa kwa muda. Alipoingia ligi kuu mwaka wa 1988 alishinda michezo 2 na kushindwa 7. Mwaka huo Atlanta ilishindwa michezo 106. Ilikuwa ya mwisho katika kundi lake mwaka wa 1988, ikawa ya mwisho 1989, na ikawa ya mwisho tena 1990. Timu ya mwisho haina la kupoteza, na kwa hivyo inaweza kumwacha kijana akosee hadharani hadi ajifunze. Nusu ya kwanza ya msimu wa 1991, Smoltz alishinda 2 na kushindwa 11. Bobby Cox, ambaye wakati wa mabadilishano alikuwa meneja mkuu na sasa alikuwa kocha, hakumwondoa. Kijana alitafutiwa mwanasaikolojia wa kumsaidia kutuliza akili yake akiwa uwanjani, na katika nusu ya pili ya msimu akashinda 12 na kushindwa 2 tu.

Je, Detroit ya 1988, iliyomaliza ya pili kwa upungufu wa mchezo mmoja pekee, ingemvumilia kijana anayeshinda 2 na kushindwa 7? Jibu la swali hili ndilo kiini cha jambo lote. Detroit haikuwa na muda. Wachezaji wake walikuwa wakizeeka pamoja, na kila mwaka uliopita uliondoka na sehemu ya nguvu zao. Atlanta haikuwa na kitu kingine ila muda. Bei ya kijana ni muda, na huweza kulipwa tu na yule aliye nao. Mabadilishano ya Agosti 1987 yalivaa sura ya kubadilishana mtu kwa mtu, lakini ndani yake timu mbili zilibadilishana nyakati. Detroit ilinunua leo kwa kesho yake, na Atlanta ikauza leo isiyokuwa na faida kwayo. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho kwa wingi na kupokea alichokikosa. Hivyo ndivyo biashara halali inavyopaswa kuwa, hata kama baadaye mmoja atajuta.

Aliye na shaka na atazame maisha ya Doyle Alexander mwenyewe, ambaye historia imemfanya kuwa jina la bei iliyolipwa. Mwezi wa Desemba 1971, alipokuwa kijana wa miaka 21, yeye ndiye aliyekuwa mche. Timu ya Los Angeles Dodgers ilimtoa, pamoja na vijana wengine watatu, kwenda Baltimore Orioles, ili imchukue Frank Robinson, mmoja wa wapigaji mashuhuri kuliko wote wa zama zake. Mwaka wa 1976, Baltimore ikamtoa Alexander na wachezaji wengine waliokomaa kwenda New York Yankees, ikapokea vijana ambao baadhi yao walikuja kuwa nguzo zake kwa miaka mingi. Mwaka wa 1986, Toronto ilimpeleka Atlanta na kupokea mrushaji kijana aitwaye Duane Ward. Huyo akawa mmoja wa walinzi wakuu wa ushindi Toronto ilipotwaa ubingwa mwaka wa 1992 na wa 1993. Mwaka mmoja baada ya hapo ndipo ikaja zamu ya Smoltz. Alexander alivaa sare za timu nane. Alikuwa kitale kilichotolewa kwa nazi, kisha akawa nazi iliyotolewa kwa vitale, na kila alikopelekwa alirusha mpira kama alivyotakiwa. Alimaliza na ushindi 194. Katika majuma saba ya mwaka wa 1987, Detroit ilimtaka ashinde, naye hakushindwa. Kumkumbuka kwa sababu ya mtu aliyetolewa kwa ajili yake ni kumdhulumu mtu aliyelipa deni lake lote.

Miaka thelathini baadaye, Detroit iliketi upande wa pili wa meza hiyo hiyo. Tarehe 31 Agosti 2017, dakika chache kabla ya saa sita za usiku ambapo muda ungekwisha, ilikubali kumtoa Justin Verlander, mrushaji wake mkuu mwenye umri wa miaka 34, kwenda Houston Astros. Ilipokea vijana watatu: Franklin Pérez, Daz Cameron na Jake Rogers. Safari hii ilikuwa ni Houston iliyoshika kenda. Verlander alishinda michezo yote mitano aliyoianzisha kabla ya mchujo, na vuli hiyo hiyo Houston ikatwaa ubingwa. Kisha, kinyume na Alexander, hakuchuja: alishinda tuzo ya Cy Young akiwa Houston mwaka wa 2019 na tena mwaka wa 2022. Kati ya vijana watatu walioletwa Detroit, yule aliyetumainiwa kuliko wote alikuwa Pérez, mrushaji wa miaka 19. Aliandamwa na majeraha, na hakuwahi kurusha mpira hata mara moja katika ligi kuu akiwa na Detroit. Hizo ndizo kumi ambazo wahenga walizihofia, zile zinazomwambia mtu aende aje, naye akaenda, akaja, akakuta mlango umefungwa.

Visa hivi viwili vikiwekwa pamoja, vinaonyesha kwa nini methali hukinzana na bado zote zikawa za kweli. Methali si sheria ya hesabu. Ni shauri linalomfaa mtu fulani katika hali fulani. Asemaye heri kenda shika anazungumza na mwenye njaa ya leo. Asemaye subira yavuta heri anazungumza na mwenye akiba. Wote wawili hukosea pale tu wanapobadilishana masikio, mwenye njaa akashauriwa kusubiri na mwenye akiba akahimizwa kushika.

Lakini kuna jambo moja ambalo methali ya kenda na kumi hailigusi, nalo ni zito kuliko yote. Kenda na kumi za wahenga ni vitu. Havina masikio wala kinywa, na havijali vimo mkononi mwa nani. Mabadilishano haya yalihusu watu. Katika besiboli ya Marekani, mchezaji aliyetimiza miaka kumi katika ligi kuu, na mitano ya mwisho akiwa na timu moja, ana haki ya kukataa kuhamishwa. Verlander alikuwa nayo haki hiyo, na ndiyo maana usiku ule wa 2017 viongozi wa timu mbili walimsubiri aseme ndiyo. Smoltz wa miaka 20 hakusubiriwa. Mkongwe, ambaye tayari ana jina na mali, ndiye mwenye sauti. Kijana, ambaye maisha yake yote yangali mbele na ndiye atakayebeba matokeo kwa muda mrefu zaidi, hana. Ni kweli kwamba Smoltz alifaidika. Tarehe 27 Oktoba 1991 alisimama juu ya kichuguu katika mchezo wa saba na wa mwisho wa fainali, akipambana na Jack Morris, yule yule aliyekuwa shujaa wa Detroit alipokuwa mtoto, naye hakuruhusu hata pointi moja kwa vipindi saba na zaidi. Timu yake ilishindwa 1 kwa 0 katika kipindi cha kumi, lakini dunia ilikwisha kumjua. Hata hivyo, faida iliyomfika haigeuki kuwa ridhaa ambayo hakuombwa. Wapo mamia ya vijana wengine waliohamishwa kwa namna hiyo hiyo, ambao hawakufika Atlanta yoyote na majina yao hayatajwi.

Ndiyo maana hesabu ya mabadilishano haiwezi kufungwa kwa kulinganisha ushindi 9 wa mmoja na 213 wa mwingine. Anayetaka kuwahukumu watu wa Detroit kwa haki hana budi kuuliza walikuwa na muda kiasi gani siku ile, na anayetaka kuwasifu watu wa Atlanta hana budi kukumbuka jinsi walivyostahimili miaka mitatu ya aibu mkiani wakingoja kitale kikomae. Na atakayekuja kuketi kwenye meza kama hiyo, iwe ya besiboli au ya shughuli nyingine yoyote ambapo vijana hutolewa ili wakubwa wapatikane, atafanya vyema kuitaja methali ya kenda na kumi. Akishaitaja, na ageuke kumtazama kijana aliyesimama mlangoni, kwa kuwa huyo si kenda wala si kumi.